Kabla ya Matokeo

Jumatano ile jumuiya ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Kihonda. Tulishaimba, tulishaomba, Biblia ikaanza kuzunguka ili kila mmoja asome mistari miwili mitatu kisha ampe wa pembeni yake. Somo lilikuwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, kuanzia mwisho wa sura ya pili. Mama aliyetangulia akamaliza sura, akanyoosha mkono kumpa Fundi.

Fundi hakuipokea. Aliirudisha taratibu kwa kiganja, akaonyesha kwa kidevu mtu aliyekaa upande wa pili.

"Mpe mwalimu asome. Mimi nilipata ziro."

Wawili watatu wakacheka, kicheko cha watu waliozoeana. Mwalimu akapokea, akasoma: "Tazameni, ni pendo la namna gani alilotupa Baba, kwamba tuitwe wana wa Mungu, na ndivyo tulivyo." Mwenyekiti akauliza tumejifunza nini, watu wakajibu, sadaka ikakusanywa, tukanywa chai kwa mihogo.

Mimi nilibaki kwenye ziro.

Kukataa kusoma si jambo la ajabu. Wapo wengi wasiopenda kusoma mbele za watu. Kilichonisumbua ni ule utulivu wake. Hakuona aibu, hakulalamika, hakutaka kuhurumiwa. Aliitaja ziro kama mtu anavyotaja kundi lake la damu. Mtihani wenyewe aliufanya akiwa msichana wa shule. Leo ni mama wa watoto wawili, ana duka lake la kushonea, mtaa mzima unamwita Fundi, na bado akitaka kusema yeye ni nani anarudi kwenye ubao wa matangazo wa sekondari.

Na alilisema hilo nusu dakika kabla ya mstari ule kusomwa. Kauli mbili zilikutana sebuleni pale, moja ya Yohana na nyingine ya Fundi. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani sikuwa na shaka ni ipi iliyoshinda.

## Daftari

Wiki kadhaa baadaye nilimpelekea kitenge. Nilihitaji gauni kweli, ila nilihitaji zaidi kukaa naye.

Kama hujawahi kumtazama fundi mzuri akipima, siku moja katazame. Alinizungusha, tepu ikapita begani, kifuani, kiunoni, nyongani, kisha urefu. Hakuandika chochote mpaka alipomaliza vipimo vyote, ndipo akainama na kuviandika kimoja baada ya kingine bila kurudia hata kimoja. Akatandaza kitenge mezani, akakikunja, akakikunjua, akakikunja kwa namna nyingine. Alikuwa anatafuta jinsi ua la kulia litakavyokutana na la kushoto palipo na zipu. Akaniambia kitambaa kinatosha, na kitabaki cha kilemba.

Daftari lake lilikuwa wazi mbele yangu. Majina ya wateja, vipimo, tarehe ya kuchukua, aliyetanguliza na aliyebakiza. Pembeni mwa kila ukurasa amechora mikono ya magauni kwa penseli, michoro midogo iliyonyooka. Huyu ni mtu anayesoma, anayeandika, anayepiga hesabu ya vitambaa vya sare ya harusi ya watu wengi bila kubakiza hata kipande cha hasara.

"Fundi," nikamwambia, "siku ile jumuiyani mbona ulikataa kusoma?"

Mkasi haukusimama.

"Dada, mwalimu akikosea neno, amekosea tu. Mimi nikikosea, wote wanajua kwa nini nimekosea."

Nilikosa la kusema. Akaendelea kukata, na akaendelea kusimulia, bila mimi kuuliza tena.

## Siku ya nne nani alikuja?

Alikuwa Kidato cha Nne mwaka 2012, katika shule ya kata. Msomaji wa Tanzania aliye na umri wa kutosha anaukumbuka mwaka huo bila maelezo mengi. Matokeo yalitoka Februari 2013. Kati ya watahiniwa karibu 400,000, zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Nchi ilitetemeka. Waziri Mkuu wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume kutafuta sababu, na mwanzoni mwa Mei bungeni ikatangazwa kwamba matokeo yale yamefutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011.

Karatasi zilikuwa zilezile. Hakuna mtoto aliyerudishwa kwenye chumba cha mtihani. Majibu, mwandiko, mpaka wino uliovuja, vyote vilibaki kama vilivyokuwa siku ya mtihani. Kilichobadilika ni kipimo. Na kwa kipimo kile kingine, maelfu waliolala wakiwa sifuri waliamka wakiwa na daraja la nne.

Fundi alikuwa mmoja wao.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia: ndiyo, yalipopangwa upya alikuwa na nne. Alikwenda mwenyewe kuangalia, akaona namba yake, akarudi nyumbani.

"Sasa Fundi, mbona unasema ulipata ziro?"

Hapo ndipo alipoweka mkasi chini.

"Dada, siku ya ziro walikuja wote. Shangazi alikuja, majirani walikuja, mpaka watu wa kanisani walikuja kutoa pole. Baba alikaa siku mbili hasemi na mtu. Siku ya nne nani alikuja?"

Ningependa uisome tena kauli hiyo, maana mimi nimeirudia kichwani nikipika, nikifua, nikiwa kwenye bajaji. Mamlaka iliyotoa hukumu ile iliifuta yenyewe, hadharani, bungeni, magazetini. Hukumu haipo. Ukitafuta cheti huikuti. Mahali pekee inapoishi ni ndani ya huyu dada, na kwenye midomo ya watu waliokwisha kuizoea.

## Waliobaki

Furaha yangu ya kwanza ilikuwa ya haraka. Nilitaka kurudi jumuiyani niwaambie wote: jamani, Fundi hakupata ziro, alipata nne! Nilishapanga hata maneno.

Kisha nikawafikiria wengine.

Wengi mno walibaki na sifuri hata baada ya matokeo kupangwa upya. Wamo mitaani mwetu, wengine wanauza mkaa, wengine wanaendesha bodaboda, wengine ni wazee wa kanisa. Ikiwa heshima ya Fundi inarudi kwa sababu kumbe alikuwa na nne, basi hao wengine tumewathibitisha. Tumesema kwa sauti nzuri zaidi jambo lilelile lililomuumiza: kwamba mtu ni daraja lake.

Hilo lilinisimamisha. Habari njema inayomfaa aliyepanda daraja peke yake ni njema kwa huyo tu. Nilihitaji kitu ambacho ningeweza kukisema mbele ya aliyebaki na sifuri mara zote mbili, nikimtazama machoni, na kiwe kweli.

Na niseme hili kabla sijaendelea. Kumwambia mtu kwamba Mungu anampenda kusiwe njia ya kunyamazia shule isiyo na mwalimu wa hesabu, au maabara ambayo ni chumba tupu chenye kibao mlangoni. Mtoto aliyenyimwa elimu amenyimwa elimu. Milango inafungwa kweli, na wa kuifungua ni sisi na wale tuliowapa dhamana. Ninachozungumzia ni kitu cha pili kilichochukuliwa siku ile kutoka kwa Fundi, ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya mtihani.

## Kichwa, wala si mkia

Tuna dawa yetu ya haraka makanisani. Mtu akijiona hafai, tunamfundisha kujitamkia. Sema: mimi ni mshindi. Mwambie jirani yako: mimi ni kichwa, wala si mkia. Mkono juu, sauti juu, na vinanda vikipanda.

Siidharau. Nimewaona watu ambao tangu utotoni hawakuwahi kusikia neno zuri juu yao likitoka kinywa chochote, na mara ya kwanza walilisikia kwa sauti yao wenyewe kanisani, wakalia. Kile kilio kilikuwa cha kweli.

Lakini kadiri nilivyomfikiria Fundi ndivyo nilivyoona tatizo. Kichwa na mkia ni nafasi. Ni wa kwanza na wa mwisho. Tunapomtibu mtu aliyeumizwa na orodha kwa kumwambia kwamba kwenye orodha ya kweli yeye yuko juu, orodha bado ipo. Jumatatu akirudi kazini na kuambiwa nafasi yake imepewa mwingine, anasimama wapi? Akishindwa kulipa kodi ya nyumba mwezi huu, atajitamkia kwa nguvu zaidi, au ataanza kudhani kwamba hata imani yake imefeli?

Nimewaona hao pia. Wanakuja Jumapili mbili, tatu, kisha hawaji tena, na hawasemi sababu.

Biblia yenyewe haina haraka tuliyo nayo. Katika Zaburi ya 22 mtu wa Mungu anasema waziwazi, "Lakini mimi ni mdudu wala si mtu." Hakuna anayemkatiza aseme vizuri. Maneno yameachwa, yamehifadhiwa, na zaburi hiyohiyo ndiyo Yesu aliyoianza msalabani. Kwa hiyo aliyefika mahali pa kujiona mdudu hajatoka nje ya uwepo wa Mungu. Yuko ndani ya maombi ambayo Mwana mwenyewe aliyaomba.

## Mzigo

Nina sababu ya kung'ang'ania jambo hili, na haimhusu Fundi.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa kwenye nyumba ya ndugu. Hawakuwa watu wabaya. Walinisomesha, walinivisha, nikiugua walinipeleka hospitali. Ila nyumba ilikuwa na njaa zake, na jioni moja nikiwa nje ya dirisha la jikoni nilisikia mtu mzima akimwambia mwenzake kwamba mzigo umekuwa mkubwa tangu tumwongeze huyu.

Hakujua kwamba nimesikia. Pengine alikuwa anasema habari ya unga tu, na leo nikimfikiria naona alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye sufuria moja na midomo mingi.

Lakini mtoto hasikii habari ya unga. Mtoto anasikia jina lake jipya.

Tangu hapo nikawa mtu mzuri sana. Nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilifagia uwanja ambao haukuwa zamu yangu. Nimekua, nimeolewa, nina kazi, na mpaka juzi juzi sikuweza kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, wala kukaa mgeni bila kuinuka kwenda kuosha vyombo. Watu wananisifu: dada huyu ana moyo wa kujitoa! Nilikuwa nalipa. Nilikuwa nalipia kiti nilichokalia.

Na sala zangu zilikuwa hivyohivyo. Nilimwendea Mungu na ripoti. Wiki hii nimefanya hili, nimekosa lile, wiki ijayo nitaongeza bidii. Nilimwita Baba kwa mdomo, lakini nilikaa mbele zake kama kibarua siku ya malipo.

Mwaka mmoja nililazwa, malaria kali. Mama mkwe akaja na chupa ya uji. Nikaanza kumwomba radhi: samahani mama, nimekusumbua, umetoka mbali, na nauli, na nyumbani umeacha shughuli. Nikaongea hivyo mpaka pumzi ikakata. Yeye alikuwa anamimina uji kwenye kikombe, anaupoza kwa kuuhamisha kikombe kwenda kikombe. Alipomaliza kunisikiliza alisema maneno matatu tu.

"Mwanangu, kunywa uji."

Nilikunywa. Wakati ule sikuelewa nilichopewa.

## Msichana wa Darfur

Katika wiki zile nilirudia kusoma habari za Bakhita. Wakatoliki wanamfahamu vizuri kuliko sisi wa Kilutheri, ingawa wasichana wanaoitwa Bakhita wamejaa katika kila dhehebu hapa kwetu.

Alizaliwa Darfur, Sudani, karibu mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akauzwa tena, na tena. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisahau jina alilopewa na wazazi wake, na hili la Bakhita alipewa na waliomteka. Mmoja wa wamiliki aliamuru achorwe mwilini kwa wembe, na majeraha yakapakwa chumvi ili alama zisifutike. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia kule Khartoum, na mwaka 1885 akafika Italia, akawa mlezi wa mtoto katika familia moja. Mama wa mtoto alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita, aliyekuwa kwa masista wa Canossa mjini Venice akijifunza katekisimu, alikataa kuondoka.

Shauri likafika kwenye vyombo vya sheria. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba kwa kuwa sheria ya Italia haitambui utumwa, yeye ni mtu huru.

Niliposoma hapo nilimwona Fundi mbele ya ubao wa matokeo ya pili. Hapa pia hukumu ilifutwa. Kwa sheria, yule msichana hakuwa mtumwa wa mtu yeyote kwenye ardhi ile.

Ila sheria iliweza kumwambia kile ambacho siye. Wembe ulikuwa umeshamwandika mwilini. Bei zake alikuwa anazijua. Mtu aliyepoteza hata jina la kwao akiambiwa "wewe si mtumwa," anabaki bado na swali: basi mimi nani?

Januari 9, 1890 akabatizwa. Na katika maisha yake yaliyofuata, akiwa sista, watu walimwona mara nyingi akienda kulibusu lile birika la ubatizo na kusema kwamba hapa ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Aliishi mpaka Februari 8, 1947, katika mji wa Schio, akipika, akishona, akifungua mlango wa nyumba ya watawa. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu Oktoba 1, 2000.

Makovu hayakuondoka. Nadhani hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Alikuwa binti akiwa nayo.

## Wote wawili walikuwa vibarua

Mfano wa mwana mpotevu tumeuhubiri mpaka tumeuchosha, na mimi nilidhani ninaujua. Safari hii niliusoma nikitafuta kitu kimoja: kila mwana anasema yeye ni nani.

Mdogo, akiwa kwa nguruwe, anatunga hotuba. Ina sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anakuja nayo njia nzima. Anafika, anaianza. Anasema amekosa. Anasema hastahili. Na hapo inakatika. Ile ya tatu, ya kuomba ajira, haimo kwenye alichomwambia baba yake. Baba ameshageuka anawaambia watumwa walete vazi lililo bora, na pete, na viatu.

Baba hakubishana naye kuhusu kosa. Kosa lilikuwepo. Alichokataa kukisikia ni ombi la kazi.

Halafu mkubwa. Huyu ndiye ndugu yangu. "Mimi nimekutumikia miaka mingapi hii," anasema. Amekaa nyumbani muda wote, hajavunja amri, na anahesabu miaka ya utumishi. Wana wawili wa baba mmoja, mmoja nchi ya mbali na mwingine shambani kwa baba yake, na wote wawili wanajiona vibarua: mmoja aliyefukuzwa na mmoja ambaye hajalipwa.

Baba anamjibu, "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako."

Nilifunga Biblia nikakaa. Sauti niliyoisikia kwenye sentensi ile ilikuwa ya mama mkwe wangu, na mkono wake unaopoza uji.

Kutoka hapo ndipo nilipokwenda Yordani. Yesu anatoka majini, sauti inatoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Katika Injili ya Marko hii ni sura ya kwanza, mstari wa kumi na moja. Hajaponya mtu. Hajahubiri. Hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Nimependezwa nawe, ya nini? Hakuna cha kuweka kwenye ripoti. Mathayo anasimulia kwamba mara baada ya hapo, jangwani, mshawishi anaanza na neno "ukiwa." Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, fanya hili tuone. Thibitisha. Lete cheti.

Naye hathibitishi. Anabaki na njaa yake na neno alilokwisha kuambiwa.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa ajili ya waliobaki na sifuri. Pendo hili halisubiri matokeo, jema wala baya. Musa aliwaambia Israeli kwamba Bwana hakuwachagua kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko watu wote, bali kwa sababu anawapenda. Ukiuliza anawapenda kwa nini, jibu linarudi palepale. Zamani jibu hilo lilinikera, niliona halijajibu. Sasa naona ndilo jibu pekee linaloweza kumsitiri mtu, kwa sababu lingekuwa na sababu nyingine yoyote, sababu hiyo ingeweza kuisha.

## Je, si kujifariji?

Rafiki yangu mmoja, mtu makini, asiyesali sana, aliniuliza swali hili nilipomweleza. Mtaa unaonekana, shule inaonekana, mshahara unaonekana. Pendo la Mungu nani ameliona? Huenda unawapa watu kitulizo tu.

Sikumjibu siku ile. Nililibeba.

Ninachoweza kusema leo ni kwamba hata ziro hakuna aliyeiona. Ilikuwa alama kwenye karatasi mpaka shangazi alipokuja na kanga begani, mpaka baba alipokaa kimya siku mbili, mpaka jirani alipoanza kuwatisha watoto wake kwa kusema mtaishia kama yule. Ziro ilipata mwili kwa midomo na nyuso za watu, siku baada ya siku, mpaka ikawa yeye. Hakuna aliyedai uthibitisho.

Sasa kwa nini tunadhani pendo litaingia kwa tangazo moja la Jumapili?

Fundi aliposema "siku ya nne nani alikuja," alikuwa ananieleza kazi ya kanisa. Walikuja kwa ajili ya hukumu. Hakuja mtu kwa ajili ya kufutwa kwake. Na kama neno la Yohana ni kweli, kwamba tunaitwa wana wa Mungu na ndivyo tulivyo, basi linahitaji watu wa kuja nalo nyumbani kwa mtu, mara nyingi, na chupa ya uji, mpaka neno lile la kwanza lichoke.

Kwangu halijachoka lote. Zipo asubuhi ninaamka nikiwa mzigo kabla hata sijafungua macho. Katika sura ileile ya Yohana, mbele kidogo, imeandikwa kwamba ikiwa mioyo yetu inatuhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote." Zamani kujua kwake yote kulinitisha. Siku hizi nafika kwenye maneno hayo na kupumua. Moyo wangu unajua sehemu. Unajua dirisha la jikoni na sauti ile ya jioni. Haujui yote. Kwa hiyo hauwezi kuwa hakimu wa mwisho, hata ukihukumu kwa sauti kubwa.

Basi asubuhi hizo nasali bila ripoti. Nasema, Baba, nipo. Mara nyingine nakaa kimya baada ya hapo, na ukimya ni mgumu kwa mtu aliyezoea kulipa. Mikono inatafuta kitu cha kufanya.

## Novemba

Mtoto wa dada yangu anafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka huu. Anasoma kwa bidii, ila fizikia inamtesa, na nyumbani kwao kila mtu ameanza kuhesabu. Mjomba ameshasema ni daraja gani anatarajia. Bibi anafunga na kuomba. Mtoto amepungua.

Mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari. Kwa desturi yetu sherehe, kama ipo, hufanyika Januari, na kama hakuna cha kusherehekea kila mtu hukaa kwake.

Nimempigia dada yangu simu. Nimemwambia tufanye jambo Novemba, siku anayotoka kwenye karatasi ya mwisho. Tupike pilau, tuwaite hao hao watakaokuja Januari, shangazi, mjomba, majirani, mwinjilisti. Baba yake asimame aseme mbele yao wote kwamba huyu ni mwanangu na ninapendezwa naye, na tuombe, na tule. Karatasi zikiwa bado hata hazijasahihishwa.

Dada yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama si kupoteza hela, maana hatujui kama amefaulu.

Nikamwambia ndiyo maana iwe Novemba. Mchele naleta mimi, nyama wagawane yeye na mjomba. Shemeji bado anafikiria kama ataweza kuyasema maneno yale mbele za watu. Hajawahi kuyasema kwa mtoto yeyote, na wala yeye hakuambiwa na baba yake. Nimemwandikia kwenye karatasi ndogo, ayasome tu ikibidi.